Kwa nini hapa Mombasa huwezi kutoka Lighthouse mpaka Kibarani kwa mguu bila kugombana na magari?

#1 MtotoWaKibokoni
Salaam aleikum wana Mvita na wageni wote. Nina swali laniuma tangu Jumamosi. Mwanangu ana miaka 9, keshajua baiskeli, nikamwambia leo twende Lighthouse na tukirudi tupitie Uhuru Garden uyaone yale mapembe makubwa ya ndovu ya Moi Avenue kwa karibu. Toka Kibokoni mpaka Fort Jesus hakuna shida, vichochoro vyetu gari haliwezi kukimbia. Kutoka pale kuelekea Kizingo nikaanza kumshika siti ya baiskeli. Kule juu Lighthouse akastarehe, kabro, yale matofali ya njia, imelala vizuri, upepo wa bahari, akaenda na kurudi mpaka akachoka. Shida ikawa kurudi. Moi Avenue niliibeba ile baiskeli begani, wallahi, manake sehemu ya kupita watu imejaa magari yaliyoegeshwa, mbele kibanda, mbele mtaro hauna mfuniko, ukishuka barabarani matatu na tuktuk wanakubana. Mtoto akaniuliza, baba kwani watu wa huku hawatembei?

Sasa nauliza nyinyi. Bustani na viwanja tunavyo: Mama Ngina, hapo hapo Lighthouse, ilitengenezwa upya ikafunguliwa sikukuu ya Mashujaa ya 2019, kuna Fort Jesus, Treasury Square, uwanja wa Makadara, Uhuru Garden, Tononoka, halafu Kibarani palipokuwa jaa la taka na sasa kuna nyasi na miti. Vyote viko kisiwa kimoja, kisiwa chenyewe ukiamka mapema wakizunguka kabla ya adhuhuri. Kwa nini pesa ya umma isijenge njia moja ya miguu na baiskeli na viti vya magurudumu na mama mwenye kigari cha mtoto, ikaviunganisha vyote? Nini hasa chazuia?

#2 NahodhaWaTudor
Waaleikum salaam. Kabla ya yote, Kibarani si kisiwani. Iko ng'ambo ya Makupa. Ukishasema njia yako inafika Kibarani lazima uvuke maji, na hapo hesabu inabadilika kabisa.

#3 MtotoWaKibokoni
@NahodhaWaTudor haya nimekosea hapo, shukran. Lakini daraja jipya la Makupa si limefunguliwa 2022? Watu wapita.

#4 KaraniMstaafu
Vijana, mimi nilishughulika na ramani za viwanja miaka mingi kabla ya kustaafu, siitaji ofisi. Jibu ni ardhi, hakuna jingine. Ukichukua ramani ya zamani ya kisiwa utaona njia za watu zimechorwa, upana umeandikwa, vijia vya kushuka baharini vimeandikwa. Ukienda chini unakuta ukuta na geti na mlinzi. Ripoti ya Ndung'u ya 2004 ilieleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawanywa Kenya nzima, na Mombasa haikusalimika. Katiba ya 2010 kifungu cha 62 inasema ardhi ya umma ya aina kadhaa kaunti inaishika kwa niaba ya wakazi na Tume ya Ardhi ndiyo inayoisimamia. Maneno mazuri. Lakini kurudisha mita 4 tu za upana kutoka kwa mwenye hati, hata kama hati yenyewe ina walakini, ni kesi ya miaka 10. Ofisa gani ataanza mradi akijua atastaafu kesi ikingali kortini?

Kwa hiyo @MtotoWaKibokoni bustani umeziona kwa sababu zile ndizo zilizobaki. Kati yake ndipo palipoliwa.

#5 BintiMajengo
Mzee Karani heshima yako, lakini mimi nasema hata hiyo ardhi ikipatikana kesho hamjanijibu mimi. Natoka kazini saa 12 jioni, nipite njia ya kichakani peke yangu na simu mkononi? Miaka hii ya vijana wa mapanga? Wanawake wengi mtaani kwetu wanataka kutembea kwa afya, daktari ameshawaambia sukari imepanda, pressure imepanda, wanazunguka uwanja wa Tononoka kwa makundi ya watu sita saba baada ya alfajiri na wakimaliza warudi pamoja. Ni usalama si ardhi. Taa, watu, na njia ipite mbele ya milango ya watu sio nyuma ya kuta ndefu. Kuta ndefu ndio mbaya zaidi, ukipiga kelele nani atakusikia.

Na kivuli!! Kaskazi ya Januari na Februari saa 4 asubuhi jua ishakuwa jiko, na wengine tuko ndani ya buibui.

#6 FundiKabro
Naongea kama mtu wa site. Njia ya kuchanganya watu na baiskeli, mita 3 ndio chini kabisa, penye watu wengi kama Mwembe Tayari ufikirie 4 na zaidi. Ukipunguza hapo mwenye baiskeli atamgonga mtoto na wiki ya pili watu wataichukia. Mteremko usizidi mita 1 kwa kila mita 20 ili mwenye kiti cha magurudumu apande mwenyewe. Yote hayo yanajengeka, kisiwa chetu si cha milima. Kinachoua kazi ni matunzo. Mimi nimeweka kabro sehemu moja mjini, sitaji, baada ya miezi 8 nikapita nikakuta watu wa mabomba wamechimba katikati wakarudisha mchanga na mawe bila kupanga, mvua za masika zikaja, ikawa bonde. Tenda ya kujenga ilikuwepo, tenda ya kutunza haikuwepo. Chumvi nayo haina huruma, reli ya chuma ya kushikia karibu na bahari usipoipaka rangi kila mara inaoza ikisimama. Mifuniko ya mitaro inaibwa kupelekwa skrepa, mnakumbuka Januari 2022 mpaka serikali ikapiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa muda kwa sababu watu walikuwa wanang'oa mpaka nguzo za stima.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza nani atajenga, uliza nani atafagia.

#7 BaraBoy_254
Niko Nairobi lakini nimesoma Mombasa kwa hivyo msinifukuze. Nairobi mwaka 2015 kaunti ilipitisha sera ya watembea kwa miguu na waendesha baiskeli, wakasema asilimia 20 ya bajeti ya usafiri iende huko. Ilikuwa karatasi safi sana. Enyewe kuna barabara zimewekewa njia za baiskeli, lakini ukienda saa 1 jioni hiyo njia ni ya bodaboda na nguo za mitumba. Hivyo sera peke yake haitoshi. Shida ni watu wenyewe hawaheshimu.

#8 Boda_Bombolulu
Hapo ndo mwatuanza sasa. Boda anapita njia ya watu kwa sababu gani? Kwa sababu Nyali Bridge asubuhi imesimama kabisa na abiria amekwambia nna dakika 10 nifike. Mkinipa njia yangu sitaingia ya kwenu. Weka vigingi vya zege mwanzo wa njia, nafasi ipite baiskeli na kiti cha magurudumu tu, pikipiki yangu haipiti, basi yamekwisha. Si mambo ya heshima hayo ni mambo ya kigingi.

#9 Magurudumu4
@Boda_Bombolulu kaka nakuomba, kwa kigingi pimeni vizuri. Mimi natumia kiti cha magurudumu tangu ajali ya 2011. Kuna mahali mjini waliweka vigingi kuzuia pikipiki, nafasi ikawa ndogo kuliko kiti changu, pikipiki zikazunguka upande wa pili na mimi nikabaki nje. Na katika uzi mzima mpaka sasa aliyetaja mteremko ni Fundi peke yake, shukran Fundi. Watu hudhani sisi twataka lifti na mashine. Twataka ukingo wa barabara ushushwe pale pa kuvukia. Ni zege ndogo ile. Kutoka kwangu Ganjoni mpaka Mapembe ni karibu sana lakini sijawahi kufika mwenyewe, kila mara ni tuktuk, na tuktuk atakulipisha na kiti pia.

#10 MtotoWaKibokoni
@Magurudumu4 nimesoma mara mbili maneno yako. Allah akupe wepesi. Hii yangu ya kubeba baiskeli mara moja nimeona ni taabu.

#11 DarMpole
Habari za huko ndugu zetu wa Mombasa. Sisi tunasoma tu uzi wenu mtamu, ila "ndo mwatuanza" imenichekesha. Nilitaka kuchangia kuhusu Forodhani ya Unguja, ile bustani ilikarabatiwa na mfuko wa Aga Khan ikafunguliwa tena 2009. Mpaka leo jioni watu wanajaa, chakula, watoto wanaruka baharini. Kwa nini imedumu? Kwa sababu watu walishazoea kwenda pale kabla hata ya ukarabati. Huwezi kujenga njia halafu ukatafuta watu. Watu kwanza.

#12 MwalimuWaRamani
@DarMpole karibu, sisi na "mwatuanza" yetu, nyinyi na "ila" yenu.

Lakini nakupinga kidogo. Watu wako. Nenda pale Makupa saa 12 asubuhi utazame watu wanaotoka Changamwe kwa mguu kuja kisiwani kwa kibarua. Hawatembei kwa afya, wanatembea kwa sababu nauli ya matatu haipo. Hesabu ya watu ya 2019 ilitoa Mombasa watu 1,208,333, na kila siku sehemu kubwa ya hao wataka kuingia kisiwa kimoja kidogo. Ukiita hii "njia ya bustani" utapata bajeti ya maua. Ukiiita njia ya kwenda kazini utapata hoja nyingine kabisa. Mimi naona kosa liko hapo, kwamba jambo hili limewekwa kwenye faili la burudani wakati ni usafiri.

Na wazo: kuna reli ya zamani inayoingia mpaka stesheni ya Mombasa tangu enzi za 1896. Amerika njia nyingi za namna hii wamezipitisha juu ya reli zilizokufa. Tuichukue ile.

#13 KaraniMstaafu
Mwalimu hapana. Ile reli haijafa, kuna mradi wa kuifufua iunganishe stesheni ya mjini na ile ya reli mpya ya SGR kule Miritini. Huwezi kupeleka baiskeli za watoto pale. Labda pembeni ya reli, na pembeni ya reli nako kuna wenyewe.

#14 NahodhaWaTudor
Tukiwa kwa reli, babu yangu alikuwa akihadithia habari za troli. Miaka ya mwanzo ya 1900 mji huu ulikuwa na vijireli vyembamba kutoka Mji wa Kale mpaka Kilindini, juu yake vigari vyenye kiti na kivuli, vinasukumwa na watu kwa mikono. Wakubwa walikuwa na vyao binafsi, nyumba zao zina tawi la reli mpaka mlangoni. Motokaa zilipokuja vikang'olewa. Kwa hiyo njia nyembamba ya kukatiza kisiwa si jambo geni hapa. Ilikuwepo, tukaipa magari.

#15 BintiMajengo
Subhanallah hiyo ya troli sikuijua. Na waliosukuma ni nani? Watu wetu.

#16 NahodhaWaTudor
Ndio hao.

#17 GeorgiaMvita
Nawasalimu kutoka Marekani, mimi mtoto wa Kuze ila miaka 11 sasa naishi Atlanta. Mwalimu amegusa jambo ninalolijua. Hapa kuna BeltLine, duara la maili 22, yaani kama kilomita 35, inazunguka mji ikiunganisha bustani na mitaa 45. Ilianza kama tasnifu ya mwanafunzi mmoja, Ryan Gravel, chuo cha Georgia Tech mwaka 1999. Kweli kabisa, kazi ya shule. Alisema tuchukue reli za zamani zilizozunguka mji. Mwaka 2005 wakaweka mpango wa pesa: eneo la kuzunguka njia likawekewa mpaka, na kodi ya majengo inapopanda kwa sababu ya njia, ile nyongeza inarudi kuijenga njia yenyewe. Kipande cha mashariki kilifunguliwa 2012 na mimi huendesha baiskeli pale karibu kila Jumamosi, watu wa kila rangi, wazee, watoto, mbwa.

Sasa upande wa pili. Nyumba zilipanda bei vibaya sana. Watu Weusi waliokaa mitaa ile tangu babu zao wakashindwa na kodi wakahama. Huyo huyo Gravel mwenyewe mwaka 2016 alijiuzulu kwenye bodi akisema suala la nyumba za watu wa kipato cha chini halijapewa uzito. Nimefanya kazi na mama mmoja aliyezaliwa mtaa ule, sasa anakaa mbali na anapanda basi mbili kuja kazini, na njia nzuri inapita mbele ya nyumba iliyokuwa yake.

Kwa hiyo nikiwaza njia ikipita Majengo na Tononoka nafurahi na moyo unashtuka pia. Tumeona Buxton nyumba za zamani zilivyobomolewa 2021. Aliyekuwa akilipa kodi ndogo yuko wapi leo?

#18 FundiKabro
@GeorgiaMvita kodi ya ardhi huku kwetu watu wangapi wanalipa kwa wakati? Huo mpango wa nyongeza ya kodi unahitaji vitabu safi. Huku utajenga njia mita 200 usubiri miaka 20.

Mimi naona pesa za Benki ya Dunia zile za miji, KUSP, ndio zingefaa. Zimejenga mitaro na njia za watu miji mingi.

#19 MwalimuWaRamani
Fundi, KUSP ile ya kwanza ilikuwa kaunti 45. Mbili zilizoachwa nje ni Nairobi na Mombasa. Ndio maana unaziona miji mingine hukuziona hapa.

#20 FundiKabro
Duh. Hilo sikulijua. Nimesahihishika.

Bado kuna sheria ya fedha ya 2012, angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti lazima iende maendeleo sio mishahara. Kiasi kidogo kwenye hiyo 30 chatosha kuanza kipande kimoja. Si lazima kisiwa chote. Fort Jesus hadi Treasury Square ni mwendo wa dakika tano, anzeni hapo.

#21 MamaZuu_Mihogo
Hamjambo. Mimi nauza krisps za mihogo na madafu, sitasema wapi hasa. Nimesoma toka juu na nimeona neno "kibanda" kama vile sisi ni uchafu wa njia. Wanangu, tulipotolewa mahali petu ili patengenezwe, tuliambiwa mtarudi. Wengine walirudi wengine hawakurudi, na meza zilipotolewa kuna waliopata bila kuuza hata mhogo mmoja maishani mwao. Nilikaa miezi mitano bila biashara, mtoto wa kidato cha tatu akarudishwa nyumbani kwa karo. Huyo BintiMajengo anayesema usalama, usalama wa Lighthouse ni sisi. Sisi ndio tunaokuwepo saa 3 za usiku na taa zetu. Mtu akinyang'anywa simu sisi ndio twapiga kelele. Ondoa muuzaji uweke kabro tupu uone nani atapita hapo.

Mkichora hiyo njia chorani na mahali pa meza. Mapema, kwenye ramani, si mwishoni.

#22 BintiMajengo
@MamaZuu_Mihogo nisamehe mama, sikuwa na nia hiyo, na ni kweli kabisa nikifika Lighthouse nikaona meza za mihogo moyo hutulia. Nimekuelewa.

#23 MtotoWaKibokoni
Na mimi niliyeandika "kibanda" kule juu naomba radhi mama. Kilichonizuia siku ile zaidi yalikuwa magari yaliyopanda juu ya njia.

#24 LikoniMoja
Kila siku kisiwa kisiwa kisiwa. Likoni si Mombasa? Sisi watembea kwa miguu wakubwa wa nchi hii nzima tuko feri, hakuna mahali Kenya utaona watu wengi hivo wakitembea kwa pamoja asubuhi. Tulipopewa lile daraja la kuelea la Liwatoni 2021 kwa sababu ya korona, ilithibitika kwamba serikali ikitaka kujenga njia ya watu tupu bila magari INAWEZA na haraka. Mabilioni yalipatikana. Hivyo msiniambie ardhi, msiniambie kabro. Ni kutaka. Lilikuwa jambo la dharura ndio maana.

Ukishuka feri upande wa kisiwa, Lighthouse iko hapo tu juu. Njia ianzie kwetu.

#25 KaraniMstaafu
LikoniMoja hoja yako ina nguvu lakini tazama: lile daraja lilipita juu ya maji. Maji hayana hati.

#26 LikoniMoja
Ufukwe nao hauna hati kwa sheria, mzee. Na bado hatuwezi kupita Kizingo pwani kwa pwani.

#27 KaraniMstaafu
Kizingo kuna State House iko juu ya bahari pale. Hiyo si ya kunyakuliwa, ni usalama wa nchi. Njia itabidi izungukie barabarani kutoka Fort Jesus halafu ishuke tena Mama Ngina. Hakuna ubaya, kuna miti mikubwa barabara zile za Kizingo, na kivuli atakachotaka BintiMajengo kiko pale tayari. Pengine ndio kipande rahisi kuliko vyote.

#28 Mlilana
Mie nafuata nyuma, samahani. Naona watu wote mmeangalia upande wa bahari kuu, hakuna aliyeangalia hori la Tudor. Kuna mikoko upande wote ule. Gazi kule Kwale kina mama wamejenga njia ya mbao ndani ya mikoko, kama mita 300, mgeni analipa kidogo anapita katikati ya mikandaa na mililana mpaka majini, pesa yawasaidia mambo ya kijiji. Kina mama! Bila kontrakta mkubwa. Sisi twasubiri nini? Tudor pana harufu kwa sababu maji machafu yanateremshwa mle na mikoko imekatwa kwa kuni, lakini watu wakipita mahali kila siku ndipo uchafu unapoonekana na kusemwa.

Njia ya Makadara na Uhuru Garden sawa. Lakini bustani kubwa kuliko zote ya kisiwa hiki ni ile inayofunikwa na maji mara mbili kwa siku.

#29 BaraBoy_254
Na Haller Park je, pamoja na Forest Trails za jirani yake? Hizo ziko na njia za baiskeli na kukimbia tayari kule Bamburi.

#30 MwalimuWaRamani
Ile ni nzuri sana lakini ni ya kampuni, unalipa kiingilio. Ila funzo lake ni kubwa: ilikuwa machimbo ya mawe ya simiti, jiwe tupu lenye chumvi. René Haller alianza kupanda mivinje 1971, wakaleta majongoo wale majani yake mpaka udongo ukapatikana. Machimbo yakawa msitu. Kwa hiyo anayeniambia Kibarani haiwezi kuwa na miti ya kivuli kwa sababu chini ni taka, namwambia nenda Bamburi utazame.

Halafu tena jambo la kiingilio. Njia hii tunayoizungumza ikija kuwekewa geti na tiketi mimi nitakuwa wa kwanza kuandamana. Pesa ya umma, miguu ya umma.

#31 Boda_Bombolulu
Hapo nakuunga mkono 100.

#32 Mgeni_wa_Mapembe
Samahani nje ya mada, yale mapembe si yaliwekwa na Malkia 1956?

#33 NahodhaWaTudor
1952, kwa ziara ya Elizabeth akiwa bado binti mfalme. 1956 ni Margaret nduguye, ndipo yakawekwa haya ya bati ya aluminiamu. Ya kwanza hayakuwa ya chuma. Ona, iliposemwa mgeni yuwaja, mji ulipamba barabara nzima. Mkaazi aombaye kupita hapo kwa mguu je?

#34 GeorgiaMvita
Natupa wazo la bei rahisi. Bogotá kule Colombia kila Jumapili wanafunga zaidi ya kilomita 100 za barabara, watu tu na baiskeli, tangu miaka ya 70. Kigali walianza siku yao bila magari 2016. Hakuna hati, hakuna tenda, hakuna kabro. Ni askari na kamba. Fungeni Mama Ngina Drive mpaka Treasury Square Jumapili asubuhi saa 12 mpaka saa 4. Mkiona watu wamejaa mnayo hoja ya kupeleka kwenye kikao cha bajeti.

#35 KaraniMstaafu
Hilo la kamba nalikubali kwa kuanzia. Lakini kamba ya Jumapili haimsaidii mfanyakazi wa Changamwe Jumatatu, na haimrudishii mtu mita 4 zake.

#36 FundiKabro
Na haimpi mtu wa kufagia.

#37 LikoniMoja
Na haianzii Likoni.

#38 MtotoWaKibokoni
Wazee wangu nimejifunza mengi kuliko nilivyotarajia na bado sijui nani kati yenu yuko sawa, kila mmoja nikimsoma naona huyu ndiye. Georgia ametaja kikao cha bajeti, na kaunti huita watu kutoa maoni wakati wa bajeti, na nikienda na swali langu la baiskeli nitaonekana mtoto. Nataka niende na kitu mkononi. Jumapili hii nitaitembea yote: feri, Lighthouse, Fort Jesus, Treasury Square, Makadara, Mapembe, Tononoka, Makupa, nivuke daraja mpaka Kibarani. Naandika kila mahali njia inapokatika na sababu ya kukatika: gari, ukuta, mtaro, hakuna kivuli, hakuna taa. Nakuja na mwanangu na baiskeli yake. Naanza feri upande wa kisiwa saa 12 na nusu asubuhi kabla jua halijapanda. Nani ataka kuja?

#39 BintiMajengo
Tuko wanne kutoka kundi letu la Tononoka, tutawangoja Mapembe.

#40 LikoniMoja
Navuka na feri ya saa 12. Ukianza bila mimi nitakukumbusha.

#41 FundiKabro
Naja na futi ya kupimia. Mzee Karani, una picha ya ile ramani ya zamani?

#42 KaraniMstaafu
Ninayo nakala moja, imechanika pembeni. Miguu yangu haifiki Kibarani lakini nitakaa Treasury Square kwenye benchi, mkifika tutaifungua tulinganishe. Mpime hasa kutoka pale kwenda Makadara. Nina yakini kuna kijia kimepotea hapo.

#43 Magurudumu4
Mimi naingia Ganjoni mnapopita. Nahitaji watu wawili wa kuninyanyua kwenye kingo, na mtoto wa baiskeli awe mbele yangu, pale atakaposhuka yeye kuisukuma ndipo nami nitakuwa nimekwama. Andikeni hapo.

#44 MamaZuu_Mihogo
Mkipita kwangu madafu ya mtoto na ya huyo wa kiti nishayatenga. Wengine mlipe.